Kurudi Kwenye Katuni Ukiwa Mtwara

Wapo wengi wa rika langu huku kusini waliozoea kusoma kwa sababu ya gazeti la katuni la Sani. Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, walizunguka mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika. Kisha kazi na familia zikatushika, katuni zikawekwa pembeni. Mwaka huu uliopita nimerudi kuzisoma kwa bidii, za Kiswahili na za nje, nikiwa hapahapa Mtwara ambako huwezi kuingia dukani ukasimama mbele ya rafu nzima ukachagua. Naandika kwa ajili ya anayefikiria kurudi pia.

Kinachomponza anayerudi ni haraka ya kufidia miaka aliyokosa. Anataka kujua yote yaliyompita, anapakua matoleo kwa mamia, anayapitisha machoni mbiombio, na muda si mrefu amechoka bila kukumbuka hata mchoro mmoja. Katuni ni kazi ya macho. Uanze na nini, usomee kwenye nini, hela iende wapi, karatasi uitunze vipi: yote hayo yapime kwa swali moja tu, kwamba je, nitauona mchoro vizuri na kwa utulivu?

Tuanze na uchaguzi. Ukitaka kuendelea pale ulipoachia, namba za matoleo zitakuchanganya, hasa za Marekani. Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, na mwaka 1963 akapewa jarida lake, The Amazing Spider-Man. Jarida hilo limeanzishwa upya kwa namba 1 mwaka 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Katikati hapo, mwaka 2003, wachapishaji walirudi kwenye hesabu ya zamani na kutoa toleo la 500. Kwa upande wa DC, kampuni ya Kimarekani inayotoa Superman na Batman, Septemba 2011 majarida 52 yalianza kwa namba 1, likiwemo Action Comics lililomleta Superman mwaka 1938. Mwaka 2016 Action Comics likarudishiwa hesabu yake ya zamani, likaendelea na toleo la 957, na mwaka 2018 likafika la 1000. Kwa hiyo mtu akikwambia anauza "namba moja", bado hujajua anauza nini. Taja vitu vitatu kila unapotafuta au kuagiza: jina la jarida, mwaka mfululizo huo ulipoanza, na jina la mwandishi. Ukikosa kimoja, uwezekano wa kuletewa kisichokuwa chenyewe ni mkubwa.

Ushauri wangu, na hapa sina shaka hata kidogo, ni kuanza na hadithi iliyokwisha. Watchmen ni matoleo 12 ya mwaka 1986 na 1987, yote kwenye kitabu kimoja. Death Note ni juzuu 12. Fullmetal Alchemist ni juzuu 27 zilizochorwa kati ya 2001 na 2010, na mwisho wake unatimiza kila kilichoahidiwa mwanzo. Bone ya Jeff Smith, nyeusi na nyeupe, ilitoka kwa matoleo 55 kuanzia 1991 hadi 2004, na inasomeka na mtoto wa darasa la tano na mzazi wake pamoja. Naruto ina juzuu 72 na imekwisha. One Piece ilianza 1997, imevuka juzuu 100 na bado inaendelea. Ni nzuri sana, lakini si ya kuanzia. Anayerudi akianza na mto usio na mwisho, kila siku anajiona yuko nyuma, na kusoma kunageuka deni.

Hadithi za mashujaa zina mtego mwingine: tukio kubwa linalopita kwenye majarida mengi kwa wakati mmoja. Unasoma toleo la nne la Batman, linakwambia yaliyotokea katikati yapo kwenye jarida lingine, na lile lingine linakupeleka kwa la tatu. Usifuate. Nunua juzuu la mkusanyo, ambalo kwa kawaida hubeba matoleo matano au sita, na kama tukio lina kitabu chake kikuu, soma hicho peke yake. Mara nyingi hutapungukiwa na kitu.

Sasa kioo cha simu. Hapa ndipo katuni nyingi zinapouawa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukurasa wa toleo la Kimarekani una upana wa takriban sentimita 17 na urefu wa 26. Simu ya inchi 6.5 ukiishika wima ina upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa wote ukiingia hapo, umepunguzwa hadi asilimia 40 ya ukubwa wake. Maneno kwenye viputo yanakuwa punje, msomaji anakuza kwa vidole, anasogeza, anasoma kiputo, anasogeza tena. Amesoma maneno yote na hajauona ukurasa hata mara moja. Watchmen ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kurasa zake nyingi zimepangwa visanduku tisa, tatu kwa tatu, na mchoraji alitegemea jicho lako lione mpangilio huo wote kabla ya kuingia kisanduku cha kwanza.

Ilaze simu. Upana unafika sentimita 15, ukurasa unakuwa karibu asilimia 90 ya ukubwa halisi, na unaona kidogo chini ya theluthi moja kwa wakati mmoja. Hilo linatosha kwa kurasa nyingi, maana visanduku hupangwa kwa safu. Utaratibu unaofaa ni huu: kabla ya kusoma neno lolote, simamisha simu uone ukurasa mzima kwa sekunde chache, kisha ilaze usome safu kwa safu ukiteremka. Ukifika mchoro uliotandazwa kurasa mbili, acha simu imelala na uzione zote mbili pamoja. Zima kujizungusha kwa kioo kama unasomea kitandani, la sivyo ukurasa utageuka kila ukijigeuza.

Kishikwambi cha inchi 10 kinaonyesha ukurasa wa Kimarekani kwa takriban asilimia 80, na hapo huhitaji tena kukuza. Cha inchi 8 kinafaa zaidi kwa manga, yaani katuni za Kijapani kama Death Note na Naruto, kwa sababu juzuu ya manga ina upana wa sentimita 11 na urefu wa 17 na ushee, yaani inakaa karibu kwa ukubwa wake wenyewe. Anayetaka kununua kimoja aamue kwanza atasoma zipi kwa wingi. Na kama una simu tu na huna mpango wa kununua kingine, soma manga na zile katuni za Kikorea za kuteremka kwa kidole. Hizo za kuteremka zimechorwa kwa ajili ya simu tangu mwanzo, mstari mmoja mrefu, hakuna kinachopotea.

Kwa aliyeacha kusoma kabla manga hazijaenea huku: ukurasa huanzia kulia kwenda kushoto. Kitabu kinafunguliwa kwa kile ambacho sisi tungekiita nyuma, kisanduku cha kwanza kipo juu kulia, na ndani ya kisanduku kiputo cha kulia husomwa kwanza. Kwenye programu ya kusomea tafuta mpangilio wa "kulia kwenda kushoto" na uuwashe. Usipouwasha, kurasa mbili zilizotandazwa zitabadilishana nafasi na uso wa mtu utakatika katikati.

Mafaili yenyewe mara nyingi huja kama CBZ au CBR. CBZ ni faili la zip lenye picha ndani, hakuna uchawi. Ukibadilisha mwisho wa jina lake kuwa zip linafunguka kawaida. Ukiona kurasa zinakuja ovyo, 1 kisha 10 kisha 2, fungua faili, zipe picha majina ya tarakimu tatu, 001, 002, 003, kisha zifunge tena. Toleo la rangi kwa kawaida lina MB 30 hadi 60, kwa hiyo GB moja inabeba matoleo ishirini hivi. Pakua usiku kwa bando la usiku au sehemu yenye waifai, usome bila mtandao. Kusoma moja kwa moja mtandaoni kunaweza kula bando zaidi, maana kila ukirudi nyuma kutazama mchoro, programu nyingine hupakia picha upya. Na katuni isiyokuruhusu kurudi nyuma umeinyima nusu ya utamu wake.

Kuhusu zile nakala za wizi zilizojaa mtandaoni: tuache sheria kidogo, tazama ubora. Kurasa za kutandaza zimekatwa kingo, rangi zimepauka, tafsiri za manga zimefanywa na watu watatu tofauti na jina la mhusika linabadilika sura kwa sura. Tena mchoraji hapati kitu. Vya halali vya bure vipo. Manga Plus, huduma ya wachapishaji wenyewe wa Kijapani iliyoanza 2019, inatoa bure sura za mwanzo na za karibuni kabisa za hadithi zake nyingi. Comic Republic ya Nigeria imeweka mashujaa wa Kiafrika wasomwe mtandaoni. Digital Comic Museum ina katuni za Kimarekani za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha. Ukilipia huduma ya mwezi, tumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu na uweke kiasi cha mwezi huo tu, kwani huduma hizi hukata pesa zenyewe kila mwezi hata kama hujafungua.

Karatasi ni ghali, tuseme ukweli. Toleo moja jipya la Kimarekani huuzwa kwao dola 3.99 au 4.99 kwa kurasa zisizofika 25 za hadithi. Juzuu ya manga ni dola 10 hadi 12 kwa kurasa zipatazo 190. Ongeza usafiri wa mpaka Dar, ongeza kifurushi cha basi mpaka Mtwara. Kwa hesabu hiyo toleo mojamoja halilipi hata kidogo. Agiza juzuu, na agiza kadhaa kwa mpigo mmoja. Hela ya korosho ikiingia isikushawishi uagize mfululizo mzima. Agiza juzuu mbili za kwanza, zimalize, ndipo uamue.

Mtu wa Dar anayekutumia mpe maelekezo ya kufunga, kwa sababu buti la basi lina vumbi na maji. Vitabu vilale kati ya vipande viwili vya boksi gumu vinavyozidi kitabu kwa sentimita mbili kila upande. Hizo sentimita mbili ndizo zinazookoa kona. Kisha kamba, kisha nailoni mbili, ya ndani imefungwa mdomo kwa gundi. Epuka kuagiza kitu cha thamani wakati wa mvua kubwa. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, na mzigo uliokuwa njiani ulibaki hukohuko.

Sasa yale niliyoyapenda na yaliyonikera.

Aya wa Yopougon, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005 na mwaka uliofuata kikapata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970: mabinti watatu, mama wanaosuka mipango uani, baba anayetaka kumwoza binti kwa mtoto wa tajiri. Hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuokoa mtu. Mwishoni kuna mapishi na maelezo ya kufunga kitenge. Msomaji wa Chikongola au Mikindani haelezwi kitu humo ndani. Anawatambua watu hao kwa namna wanavyokaa na kutazamana. Kiingereza chake pia ni chepesi, faida kubwa kwa anayesoma kwa kusuasua, maana katuni nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu na hilo pekee huchosha.

Black Panther ya kwanza, toleo la 52 la Fantastic Four, mwaka 1966, ilinipa mawazo mawili kwa pamoja. Jack Kirby alichora msitu uliotengenezwa kwa mitambo, waya zikiwa mizizi, na kwa mwaka ule kumpa Mwafrika elimu na utajiri kuliko wageni wake lilikuwa jambo zito. Lakini ni Afrika ya mtu asiyewahi kukaa uani kwetu. Isome baada ya Aya, si kabla, na utaona wazi tofauti ya kuwaza nchi na kuijua.

Tintin ana michoro safi ajabu, na albamu zake zina ukubwa unaokaribia A4, hivyo soma kwenye karatasi au kioo kikubwa. Ile ya Kongo, ya mwaka 1930 na 1931, inatuchora watu weusi kwa dharau. Nimeikasirikia na nitaendelea kuikasirikia. Mkubwa anaweza kuisoma ili ajue ukoloni ulivyowafundisha watoto wa Ulaya. Mtoto asipewe aisome peke yake.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu pwani yetu ina njia zake za kuimaliza. Adui wa kwanza kwa wakazi wa Shangani, Mikindani au Lindi mjini si mchwa. Ni pini mbili zinazoshika toleo katikati. Hewa ya bahari ina chumvi, pini inashika kutu, kutu inaingia kwenye karatasi, na siku moja ukifungua kurasa za kati zinabaki mkononi na vitundu viwili vya kahawia. Ukiona wekundu wowote, toa pini mapema. Fungua toleo katikati kabisa, inua miguu ya pini kwa kisu butu huku kipande cha kadi kikilinda karatasi, kisha vuta pini kwa upande wa jalada, taratibu. Futa unga wa kutu kwa brashi kavu, usiguse na maji. Halafu chukua uzi wa pamba na sindano: ingia kutoka ndani kwa tundu la kwanza, rudi ndani kwa tundu la pili, funga fundo kati ya matundu mawili, ndani ya mkunjo. Fanya vilevile kwa jozi ya pili. Usikaze sana, uzi hukata karatasi. Wanaouza matoleo adimu hawapendi kuona uzi, lakini nakala ya kusoma itadumu.

Adui wa pili ni kuvu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu huota, na pwani yetu huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana ni zuri ikiwa tu ndani ni pakavu. Fungia vitabu siku kavu za kipupwe, kati ya Juni na Agosti, si katikati ya masika, maana utakuwa umefungia unyevu ndani. Weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, vingi, na ubadilishe. Mchele usiweke, unaita wadudu. Kasha likae juu ya meza au ubao, mbali na ukuta wa nje kwa kiganja kizima. Kuvu ikishatokea, kausha kitabu kivulini penye upepo, kisha ifute kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Jua kali linaua rangi nyekundu na njano kwanza.

Walioko Newala wana ukungu wa asubuhi wa kule juu, kwa hiyo madirisha ya chumba cha vitabu yasubiri jua lipande. Masasi shida zaidi ni vumbi na mchwa: inua kasha juu ya sakafu, na kagua chini yake mara kwa mara.

Selotepu usiitumie kamwe. Inageuka kahawia, gundi inabaki, na ikibanduka inaondoka na mchoro. Mchaniko bandika kwa uji mzito wa wanga na kipande cha karatasi nyembamba kwa nyuma, kisha weka chini ya kitabu kizito usiku kucha. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo iepuke, hugandana na wino.

Haya yote yanayahusu zaidi magazeti yetu ya zamani ya Kiswahili. Yalichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo imebaki na lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hutoa asidi inayoigeuza karatasi njano kisha kuifanya ivunjike. Hakuna kinachozuia hilo kabisa. Giza na ukavu huchelewesha tu. Ukiwa na Sani za zamani, Kingo za James Gayo, au kurasa za gazeti la Uhuru zenye Chakubanga wa Christian Gregory, zipige picha sasa. Mashine ya skana ya kwenye steshenari inatosha: weka alama 300 kwa inchi, rangi hata kama ukurasa ni mweusi na mweupe, na karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili mchoro wa upande wa pili usipenye. Usilazimishe gazeti kulala bapa. Likikataa, piga kwa simu kutoka juu, dirishani, bila mwanga wa simu. Kila picha ipe jina la gazeti, namba ya toleo, mwaka na ukurasa, na namba ya toleo kama imechanika andika tangazo lolote lenye tarehe lililo ndani ya toleo hilo, kwani tangazo moja la mechi au la dansi linatosha kumwezesha mwingine kuupata mwezi wake.